Si Mkono, Ni Gitaa

"Weee! Hilo lisilazwe hapo! Kaka, nakwambia lisilazwe!"

Foleni nzima ya dirisha la mizigo iligeuka. Kituo cha mabasi asubuhi ile kilikuwa kimefurika, honi juu ya honi, wauza maji wakipenya kwa ubavu, na katikati ya patashika hiyo mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli ya buluu yenye vumbi la mbao, kitambaa cha njano kichwani, alikuwa amemshika mpakizi mkono kama aliyemkamata mwizi. Mpakizi alikuwa ameshalaza kasha refu jeusi kwenye tumbo la basi, na nyuma yake mwenzake alikuwa anakuja na friji.

"Dada, kasha ni lako?"

"Si langu."

"Sasa kelele za nini?"

"Humo mna gitaa, tena kwa urefu huo ni besi. Friji ikikaa juu yake, shingo inavunjika. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe yuko hapa," ilisema sauti nzito nyuma yake.

Aligeuka. Ilimbidi ainue uso. Jamaa alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama, viatu vinang'aa utadhani anakwenda harusini. Na kweli riziki yake ilikuwa harusini: alikuwa mpiga besi wa bendi ya hoteli, na watu wote walimwita Dunda.

"Unalipeleka wapi?" mwanamke alimuuliza, bado hajamwachia mpakizi.

"Kwa fundi, mji wa mbali huko. Nimesikia kuna mtu anajua kuchonga shingo."

"Hapa mjini hakuna fundi?"

"Sijamwona."

"Unamwona sasa."

Dunda alimtazama kuanzia kitambaa cha njano hadi viatu vyenye matone ya gundi. "Fundi wa nini, bibie? Wa kupiga kelele?"

Foleni ikacheka. Yeye mwenyewe akacheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka puani, na Dunda, aliyekuwa amekuja na huzuni yake kifuani, akajikuta naye anacheka. Kasha likatolewa kwenye tumbo la basi. Hivyo ndivyo walivyokutana, na baadaye kila mmoja alitamani kwa siri kwamba friji ile ingewahi kulikalia kasha.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha ghorofani, juu ya duka la kuchonga funguo. Mchana kutwa mashine ya chini ilipiga mbinja, na magitaa yaliyoning'inia ukutani yaliitikia kwa kutetemeka kidogo. Dirisha lilikuwa kubwa, mwanga mwingi, harufu ya gundi na vanishi.

Aliweka kasha mezani, akalifungua, akainama juu ya besi. Ilikuwa kuukuu hasa. Rangi yake, iliyowahi kuwa nyekundu, ilikuwa imefifia na kukaribia rangi ya chai. Lakini kila kitu kilikuwa orijino: freti, yaani vile vyuma vidogo vya shingoni, vifungo vya nyuzi, hata skrubu. Hakuna aliyewahi kuichokonoa.

"Ilikuwa ya marehemu baba," Dunda alisema. "Sasa sikia. Mkono wangu wa kushoto unanisumbua. Hiki kidole kidogo na hiki cha jirani yake vinakufa ganzi. Nikipiga nyimbo mbili tu, mkono umechoka. Kwa hiyo nataka ung'oe freti zote, uchonge shingo iwe nyembamba, uniwekee na nyuzi laini. Nataka kupiga. Basi."

Fundi alifumba jicho moja, akaiangalia shingo kwa urefu wake. Ilikuwa imejikunja kama upinde. Nyuzi zilikaa juu sana, angeweza kupitisha kidole chini yake.

"Ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na uhakika wote wa mtu anayeijua kazi yake, "hizi nyuzi hata mpiga ngumi angechoka. Hapo umepigana mieleka, hukupiga muziki. Si mkono wako. Ni gitaa."

Dunda alishusha pumzi ndefu, mabega yakamteremka. "Kweli?"

"Kweli tupu."

"Dada yangu kila siku ananisukuma hospitali. Nitamwambia nimeshapimwa. Daktari ni wewe."

"Mwambie hivyo hivyo."

Neno hilo alilisema akitabasamu. Wala hakujua amesema nini.

Akamweleza anavyofanya yeye. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja: ubao ukishaukata, hakuna wa kuurudisha. Besi kama hii ikichongwa itapigika, sawa, lakini itakuwa kipande cha mti tu. Thamani yake yote imo katika kutoguswa. Yeye angeinyoosha shingo taratibu, kwa joto na vibanio, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mti wenyewe ukubali. Ingechukua muda. Lakini mwisho wake Dunda angekuwa na besi ya kupiga na mali ya kurithisha, vyote viwili.

"Muda gani?"

"Ubao hauna haraka."

"Na mimi nitakuwa napiga nini huko kazini?"

"Omba ruhusa. Pumzisha mkono."

Dunda alikuna kidevu. Alitaka kukataa. Kisha akakiona kile kitambaa cha njano kikiinama tena juu ya besi ya baba yake, taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka, akasema, "Haya, daktari. Mlaze mgonjwa wako."

Basi akawa anakuja kila alasiri kumjulia hali mgonjwa. Alikuja na mashati yake ya pasi, na karanga kwenye karatasi, akakaa kwenye stuli karibu na dirisha akisimulia visa vya harusini: bwana harusi aliyelala mezani, mama mkwe aliyeng'ang'ania kuimba. Fundi alicheka mpaka akaweka msasa chini. Siku asipokuja, Dunda alipiga simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekula vizuri, amelala."

"Na daktari wake?"

"Daktari ana kazi, hana muda wa kupiga porojo."

"Mbona umepokea kabla simu haijaita?"

"Kata simu, Dunda."

"Kata wewe, mpenzi."

Hakuna aliyekata. Neno mpenzi lilikuwa limeshatoka, likabaki hewani baina yao, na yeye akasimama na kipande cha msasa mkononi akitabasamu peke yake kama chizi.

Dada yake Dunda, fundi cherehani aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuja kumwona kwa macho yake. Alimzunguka, akashika ukosi wa ovaroli, akauachia kwa masikitiko. "Wifi, hii nguo ni ya kutengenezea magari. Nitakushonea." Kisha, akishuka ngazi, akageuka: "Na huo mkono wake je?"

"Gitaa ndilo lilimwumiza, wifi. Akipata shingo iliyonyooka, utaona."

"Mimi sijui hayo. Wewe ndiye unayejua."

Na alijua, ndivyo alivyoamini. Kila kitu alichokiona alikisoma kwa macho ya fundi na ya mwanamke anayependwa. Siku moja Dunda aliangusha glasi ya chai, ikavunjika. Fundi akamcheka kwamba anamwangalia yeye badala ya glasi. Siku nyingine alimnyoshea mkono wa kulia, kifungo cha shati wazi. "Nifungie, daktari."

"Huna mikono?"

"Ninayo. Nataka yako."

Akamfungia polepole, mashavu yakiwaka, akidhani ni mahaba. Yalikuwa mahaba kweli. Lakini pia vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshindwa kifungo asubuhi ile mbele ya kioo, vikashindwa tena, na Dunda, aliyekuwa na hofu kuliko alivyowahi kusema, alikuwa ameamua kuamini kile alichoambiwa. Shingo ikinyooka, mkono utapona. Daktari wake alisema.

Wiki zikawa miezi, mitamu kuliko yote aliyowahi kuishi. Katikati yake alikuja mkusanyaji wa magitaa ya kale, mzee nadhifu anayenukia manukato, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Aliiona besi ikiwa kwenye vibanio, akashika moyo.

"Fundi, mtu yeyote asiichonge hii. Nakuomba kama mwanangu."

"Haitachongwa, mzee. Ina mwenyewe, na haiuzwi."

"Hata kuitazama tu. Ikimalizika, nipigie."

Fundi alipandwa na fahari. Hakumwambia Dunda. Alitaka siku ya kumkabidhi amwambie yote kwa pamoja: inapigika, na hata wakubwa wanaililia.

Siku hiyo ikafika. Dunda alivaa shati jipya. Yeye alivaa gauni la kijani aliloshonewa na wifi, na kwa mara ya kwanza karakana ile ilimwona bila ovaroli. Shingo ilikuwa imenyooka kama rula. Nyuzi zilikaa chini, laini, kiasi cha kugusa tu. Hakuna hata skrubu moja iliyobadilishwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote za maisha yake, na alijua.

Dunda alichomeka waya kwenye spika, akafumba macho, akaanza.

Noti za kwanza zilishuka hadi sakafuni, nzito, za duara. Fundi akaziba mdomo kwa viganja. Kisha wimbo ukapanda mahali panapohitaji kidole kidogo, na pale pakatoka mkwaruzo. Dunda akarudia. Mkwaruzo. Akarudia.

"Bado," alisema.

Fundi akazungusha skrubu kidogo, akamrudishia.

"Bado, fundi."

Hakusema daktari. Fundi akaichukua, akaigonga uzi kwa uzi, noti kwa noti. Safi. Yote safi.

"Dunda, gitaa liko sawa."

"Haliko sawa."

"Liko sawa, mpenzi. Nimelipima."

"Kwa hiyo mbovu ni mimi?" Sauti yake ilipanda. "Si ulisema ni gitaa? Nilikuambia tangu siku ya kwanza, chonga shingo. Ng'oa freti. Ukakataa. Ungechonga, ningepiga!"

Hapo simu ya fundi ikaita mezani. Alikosea akaipokea, ili tu apate pumzi. Sauti ya mkusanyaji, kama sauti za wazee wote kwenye simu, ilijaza chumba: "Fundi! Umemaliza? Freti ni zile zile? Hukuchonga? Safi sana binti, nakuja kuiona!"

Mashine ya funguo chini ikanyamaza.

"Kumbe," Dunda alisema.

"Si hivyo unavyofikiri."

"Kumbe nilikuwa natunziwa mali ya mtu. Mimi nakaa hapo kwenye stuli, nakula karanga, nacheka, kumbe besi yangu ina mchumba."

"Dunda, nisikilize! Nilimwambia haiuzwi. Nilitaka ubaki nayo nzima. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungeichonga."

Akaifunga kashani, mkono wa kushoto ukihangaika na kitasa. Fundi alisogea kumsaidia. Akamzuia kwa bega. Alishuka ngazi na besi yake, na shati lake jipya, wala hakugeuka.

Fundi alimpigia jioni ile. Kesho yake. Keshokutwa. Simu iliita hadi ikachoka. Alituma ujumbe: *Nitaichonga. Ilete, nitaichonga leo leo.* Haukujibiwa. Alivaa ovaroli yake, akashika randa, akaiweka. Wateja walikuja na magitaa yao, akayatengeneza, hakukumbuka lipi lilikuwa na nini. Kwenye stuli maganda ya karanga yalibaki. Hakuwa na nguvu ya kuyafagia.

Aliyepiga mwishoni alikuwa dada mtu.

"Fundi." Hakusema wifi. Hapo tu fundi akakaa. "Tumetoka hospitali. Nimemburuta mwenyewe. Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kiwiko. Umebanwa siku nyingi."

"Unatibika?"

"Watampasua, ili usizidi. Nyama za kiganja zimeshakonda. Vile vidole viwili havitarudi kama zamani, wamesema tusijidanganye. Daktari akauliza, mlikuwa wapi miezi yote hii? Mapema ingekuwa kitu kidogo. Ndugu yangu akamjibu, nilikuwa natengeneza gitaa."

Fundi alitazama maganda ya karanga kwenye stuli.

"Sikupigii kukulaumu," yule dada alisema, na akaanza kulia. "Au labda nakulaumu. Sijui. Ameharibikiwa. Bendi wamempata kijana wa kinanda, eti kinanda kinapiga na besi humo humo. Njoo umwone."

Alikwenda mchana ule ule. Katika mfuko alitia randa, patasi na msasa.

Sebule ya dada mtu ilikuwa na cherehani mbili na vipande vya vitambaa kila mahali. Dunda alikuwa kwenye kochi, fulana tu, hana shati la pasi. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya paja kama kitu alichoombwa akitunze. Baina ya dole gumba na kidole cha shahada nyama ilikuwa imebonyea, shimo dogo lenye kivuli. Fundi aliliona mara moja. Ni yeye, awezaye kuona ubao uliopinda kwa unene wa unywele. Shimo hilo lilikuwa mbele yake kila alasiri.

"Nisamehe," alisema, akapiga magoti palepale kwenye vitambaa.

"Inuka bwana."

"Nilikuambia si mkono."

"Uliniambia. Na mimi nilifurahi." Dunda hakumtazama. "Unajua kwa nini sikuenda hospitali? Si kwa sababu yako tu. Nilitaka iwe gitaa. Gitaa linatengenezeka. Ungeniambia ni mwezi wa angani, ningeamini ni mwezi."

"Yule mzee..."

"Amenipigia. Kanieleza ulivyomkatalia. Nilikuonea."

Ilikuwa msamaha, na haukumpunguzia chochote. Alifungua mfuko wake, akatoa randa, akaiweka mezani kati ya mikasi na nyuzi. "Niletee besi. Una vidole viwili vizima na dole gumba. Nitaichonga shingo iwe kama fimbo. Nitang'oa zile freti, nitaweka nyuzi nyepesi. Utapiga. Nyimbo za pole pole, lakini utapiga."

"Na thamani yake?"

"Thamani ife!"

Alipaza sauti mpaka cherehani ya chumba cha pili ikanyamaza. Dunda aliiangalia randa. Kisha, kwa mkono wa kulia, akaisukuma irudi upande wake.

"Hapana, mpenzi. Ulipokuwa unakataa, ningepiga. Sasa unakubali, na sitapiga. Ukiichonga, itakuwa imeharibika na mimi nimeharibika, tunatazamana humu ndani mpaka uzee." Akavuta pumzi. "Nimemwambia mzee aje leo. Aichukue. Angalau kazi yako ibaki nzima."

"Sitaki ibaki! Atakwenda kuitundika kwenye kabati la kioo! Yule hata kupiga hajui!"

"Najua."

"Dunda, tafadhali."

"Usiiguse."

Lilikuwa neno la fundi mwenyewe siku ile ya kwanza, kutoguswa, kwa utaratibu ule ule. Fundi akaweka paji la uso juu ya goti lake, akalia bila kujizuia, na Dunda akamshika kichwa juu ya kitambaa cha njano kwa mkono ule mmoja unaoshika.

Wakati wa kumsubiri mzee, Dunda alimwomba jambo. "Ipige. Kabla haijaondoka."

"Mimi siwezi kupiga wimbo. Unajua."

"Piga unavyojua."

Alichojua ni kupima. Akakaa kando yake kochini, besi mapajani, bila spika, akaanza kama fundi anavyoanza: uzi mnene kabisa, wazi, kisha freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipanda shingo hatua kwa hatua, akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo. Dunda alinyanyua mkono wake wa kushoto kwa kuusaidia na wa kulia, akaulaza juu ya mwili wa besi.

"Unasikia?" fundi alimuuliza.

"Kwenye kiganja, hapa. Kwenye vidole, hapana."

Akaendelea. Uzi wa pili, wa tatu. Dada mtu alisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Uzi wa nne, hadi freti ya mwisho kabisa, nyembamba na ya juu, ikafa yenyewe.

"Tena," Dunda alisema.

"Mpenzi, honi hiyo. Amefika."

"Angoje. Tena."

Akaanza tena toka chini. Nje honi ililia mara ya pili, kwa adabu, na hakuna aliyeinuka. Walipofika tena mwisho, yeye mwenyewe alilegeza nyuzi, maana gitaa linalosafiri halisafiri na nyuzi zimekazwa, akaifunika, akalitoa kasha nje kwa mikono yake. Mzee alishukuru, akashukuru tena, akalilaza kwenye kiti cha nyuma kwa uangalifu mkubwa. Alijua kulaza gitaa, angalau hilo.

Aliporudi ndani, Dunda alikuwa amesimama dirishani.

"Kesho nitakuja karakana," alisema bila kugeuka. "Sina tena cha kutengenezwa. Lakini nitakuja."

Fundi alitaka kusema njoo, njoo kila siku, njoo ukae. Akaenda akasimama kando yake, akaushika ule mkono wa kushoto, akaminya vidole viwili vya mwisho, kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi.

"Unaminya?" Dunda alimuuliza.

"Naminya."

"Haya," alisema. "Endelea tu."